Ghadames ya Mama Monitrice

Waulize watoto wowote waliopita mikononi mwa Mama Monitrice, hata wale ambao sasa wana ndevu na wanaendesha magari ya watu, watakwambia kuna mji unaitwa Ghadames. Watakwambia uko Libya, pembeni kabisa, pale Libya inapogusana na Tunisia na Algeria. Nyumba zake zimepakwa chokaa, zimeshikana ukuta kwa ukuta, vichochoro vyake vimefunikwa juu hata mchana ni giza na baridi, na katikati kuna chemchemi inayonywesha mitende yote. Ukiwauliza mji mkuu wa Libya watakuna vichwa. Huo hawakufundishwa.

Monitrice ni jina la kazi. Katika makanisa yetu ya Wakongo na Warundi hapa Durban, mwanamke anayefundisha watoto Jumapili huitwa hivyo, na akifundisha miaka mingi jina alilopewa na wazazi linafifia mpaka linapotea. La huyu lilipotea zamani. Hata mwenye nyumba wetu wa Umbilo, aliyekuwa akija kukagua kama tumeongeza watu, alimwita Missis Monitrice akidhani ndilo jina la ukoo. Mimi niliishi naye flat moja miaka mingi, yeye chumba cha mbele chenye dirisha, mimi kile kilichokatwa kwa mbao kutoka sebuleni, na sikuwahi kumwita kitu kingine. Sitaanza leo.

Nitangulize jambo moja: hakuwa mpole. Watu wakimkumbuka mtu aliyeumia humpaka asali mwili mzima, mpaka ukikutana na picha yake humtambui. Mama Monitrice alikuwa na mdomo. Ukichelewa bafuni aligonga mlango kwa kijiko cha kupakulia. "Weye Murundi, unaoga ao unabatizwa?" Mimi ndiye Mrundi. Nilikuwa na jina, lakini kwake nilibaki Murundi, na siku akinipenda sana nilikuwa mwanangu. Mambo hayo mawili yangeweza kutokea katika dakika moja.

Bomba lililoachwa wazi lilimuuma kama jino. Alikuwa akipita usiku na mchana kukaza mabomba ya jikoni ambayo sisi tulidhani yamefungwa. Alioshea sahani maji ya beseni moja, akafutia sakafu maji hayohayo, kisha akayamwagia kitunguu kilichoota kwenye kopo dirishani. Nilimwambia siku moja kwamba tuko Durban, mvua inanyesha mpaka kuta zinaota ukungu, anabana maji ya nini? Akanitazama kama mtoto wa Ekodim, ile shule yake ya Jumapili, aliyesahau mstari. Alisema maji haina mwenyewe, iko na zamu tu.

Usemi huo ulikuwa wake. Tuliucheka, mpaka maji ya Durban yenyewe yalipoanza kukatika. Nyie mnaokaa hapa mnajua. Siku mbili, tatu, wiki, mabomba yanakohoa hewa. Kwenye jengo letu kulikuwa na bomba moja uani lililobaki na maji membamba kama uzi, na watu wa flat zote wakashuka na ndoo. Siku ya kwanza walisukumana. Siku ya pili mwanamke wa ghorofa ya tatu alimwagiwa ndoo yake makusudi, ikawa kelele kwa Kizulu, Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili. Mama Monitrice akashuka na kopo la maziwa ya unga. Alikuwa amelitoboa kwa msumari chini. Akalining'iniza kwenye msumari ukutani, akalijaza maji, akatangaza kwa Kiingereza chake kilichokuwa na mifupa mingi kuliko nyama kwamba kila flat itachota mpaka kopo liishe kuchuruzika, halafu mwingine. Akavunja tawi la mnazi wa jirani, na kila kopo lilipoisha alifunga fundo kwenye jani lake, asisahau ni zamu ya nani.

Mlinzi wetu, Mzulu mmoja mtu mzima, alisimama akamtazama, akatikisa kichwa. "Eish, Mama." Lakini aliposogea kuchota alisubiri kopo liishe. Wote walisubiri. Nilipomuuliza ametoa wapi akili hiyo alisema ndivyo walivyogawa maji Ghadames tangu mababu: chombo chenye tundu kiwanjani, mtu wa kukitazama, na mafundo kwenye jani la mtende. Kila bustani ilijua mafundo yake.

Sasa niseme kwa nini Ghadames.

Mama Monitrice alikuwa na mtoto wa kiume, Fiston. Alikuwa kijana mrefu, mcheshi, wa kuvaa kofia ndani ya nyumba. Alikuwa na meza ya kuuza chaja na vifuniko vya simu mjini, na siku walipoivunja meza hiyo, wakamwambia arudi kwao, hakulia wala hakugomba. Alikuja nyumbani akakaa kwenye jiko langu la kupikia, lililokuwa limezimwa kwa bahati, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba South Africa imemshinda. Mama yake alidhani anataka kurudi Kongo. Yeye aliinua mkono akaonyesha juu, kaskazini, kupita dari.

Alikwenda kwa mabasi na malori na kwa njia ambazo hakuzisimulia. Alikuwa akituma odio fupifupi, sauti yake kwenye simu, kila moja na kelele tofauti nyuma yake. Halafu ikaja ile ya mwisho. Mama Monitrice aliicheza mbele yangu mara nyingi hata nikaijua kama wimbo wa kanisani.

"Mama, niko mahali banaita Ghadames. Usiogope. Iko jangwa, lakini iko maji, inatoka chini ya udongo, tamu. Natengeneza ukuta ya bustani ya muzee moja. Ananipa chakula. Nikipata transport nitaenda mbele. Nitakupigia."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kuku. Si wengi, labda jogoo na tembe wawili, wanawika na kutetea. Kisha hakukuwa na kitu tena. Simu ikawa haipatikani, mwezi ukapita, mwaka ukapita.

Sisi sote tuliosikia odio ile tulisikia neno moja: mbele. Kila mtu anajua mbele ya Libya kuna nini. Kuna jangwa lililobaki, kuna watu wanaokamata watu, kuna bahari. Hatukulisema, lakini tulilisikia. Mama Monitrice hakulisikia. Yeye alisikia iko maji. Alisikia kuku. Alinieleza kwa utulivu kabisa, akiwa anakanda unga, kwamba mahali palipo na kuku pana nyumba, palipo na nyumba pana mwenye nyumba, na mwenye nyumba akishampa mtu ukuta wa kujenga hamwachi aende kabla ukuta haujaisha. Na kuta za bustani za kule ni nyingi sana. Alikuwa ameziona kwenye video.

Ndivyo alivyoanza kuusoma mji ule, kama mtu anayesoma nyumba ya wakwe kabla hajapeleka binti. Mchana, akishauza mandazi na chai kwa wapakiaji wa maghala ya Clairwood, alikaa kitandani na simu yake yenye kioo kilichopasuka akatazama video za Kifaransa, na za Kiarabu ambazo hakuelewa neno. Kulikuwa na kijana Mkongo aliyepanga Glenwood karibu na chuo, anasoma mambo ya ramani na ardhi. Alimwita Jumamosi, akampikia sombe, majani ya muhogo, kwa samaki, akamkalisha mpaka amweleze maji yanatokaje chini ya jangwa. Kijana alimwambia ni maji ya mvua za zamani sana, za kabla ya watu, yamelala kwenye mawe chini kabisa. Alimwambia pia kwamba chemchemi ya asili siku hizi imepungua na mji unategemea visima vya mashine, na kwamba wakazi walishahamishiwa mji mpya kando, nyumba za zamani wanazirudia wakati wa joto. Mama Monitrice hakupenda habari hizo. Kijana yule hakuongezewa samaki.

Pale Clairwood aliwahoji madereva wa malori. Alishika mlango wa lori huku amebeba ndoo ya mandazi, akauliza barabara ya kwenda Libya ikoje. Madereva walizoea. Mmoja, Mzambia, alimjibu kila wiki kwa heshima ileile kwamba gari lake linaishia Kasumbalesa, mpakani na Kongo, Mama, lakini akisikia lolote atamletea.

Alikuwa na historia yote ya mji kichwani, na alikuwa akiisimulia tukimenya viazi, kwa namna yake, kana kwamba Warumi walikuwa majirani waliohama mwaka juzi. Warumi walikuja na askari, wakachoka na joto. Baada yao wakaja Wakristo, mpaka mji ukawa na askofu wake. Hapo alinyoosha kidole: askofu, unasikia, jangwani! Kisha Waarabu na Uislamu, na nguzo za zamani zikaingizwa kwenye misikiti. Kisha wafanyabiashara. Watu wa Ghadames walikuwa na ngamia na uaminifu, alisema, wakapeleka vitambaa na shanga na karatasi kusini mpaka nchi za Wahausa, wakarudi na dhahabu na manyoya ya mbuni. Baadaye Waturuki, Waitaliano, na baada ya vita Wafaransa. Alipenda pia hadithi ya mwanzo wa mji, ile ya wasafiri waliokula chakula cha mchana mahali pakavu wakasahau chombo, na kesho yake mmoja akarudi kukichukua, na farasi wake jike akapiga ukwato chini, maji yakatoka.

Halafu kijana wa Glenwood, kwa ukweli wake usio na adabu, akamwambia misafara ile haikuleta manyoya tu. Ilileta watu. Watu weusi, wamefungwa, walipitishwa Ghadames kwenda kuuzwa pwani.

Mama Monitrice alinuna. Sijui nitumie neno gani lingine, alinuna na mji. Kwa wiki nyingi hakuutaja. Video hakuzitazama. Mandazi yalitoka magumu. Watoto wa Ekodim walirudishwa kwenye Nuhu na wanyama wake, wakashangaa. Mimi nilidhani imekwisha, na nakiri nilipumua, maana kuishi na mtu mmoja na mji mzima ndani ya flat ndogo si mchezo. Kisha jioni moja nilimkuta jikoni amesimama, anasubiri chai ichemke, akasema bila kugeuka kwamba ameusamehe. Nikamuuliza nani. Akasema mji. "Sasa nifanye nini, mwanangu? Mtoto wangu iko kwao. Huwezi kukasirikia watu wanaomlisha mtoto wako."

Nilitoka nikaenda chumbani kwangu nikalia kwenye mto. Ukuta ulikuwa wa mbao, ningesikika.

Mtu huyu aliyemchapa mtoto kofi kwa kusema uongo wa peremende, ndiye aliyeuhamisha mlima Sinai. Sikuambiwa, niliona kwa macho yangu. Kila mwaka alichora ubaoni safari ya wana wa Israeli kutoka Misri, kwa chaki ya bluu, na kila mwaka mstari ule ulipinda kidogo. Kwa watu wote Musa anatoka Misri anashika mkono wa kulia. Kwa Mama Monitrice alianza kulia, akasitasita, akageuka kushoto. Mwaka wa kwanza alisogea kidogo tu. Mwaka uliofuata akavuka mpaka wa Libya. Mwishowe taifa zima la Israeli, na kondoo zao, na sanduku la agano, lilipiga kambi chini ya mitende ya Ghadames, likagawiwa maji kwa kopo lenye tundu. Na kila Jumapili, mwisho wa somo, watoto wote walifumba macho wakawaombea watu walioko safarini, waliopiga kambi mahali penye chemchemi, wapate chakula, wasiugue, wakumbuke kupiga simu kwa mama zao.

Ndiyo, hiyo ya simu ilikuwemo. Watoto hawakuona ajabu.

Siri ilitoka kwenye mashindano ya Biblia. Makanisa yetu yalikutana kwenye ukumbi wa shule moja, watoto wamevaa sare, wazazi na kamera. Aliyeuliza maswali alikuwa mchungaji Mtanzania, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Akauliza: taja mahali pamoja ambapo wana wa Israeli walipiga kambi jangwani. Mtoto wetu, msichana mwenye nywele nilizosuka mwenyewe siku iliyotangulia, akabonyeza kengele wa kwanza. Akasema Ghadames.

Mchungaji akauliza mara ya pili, polepole, akidhani amesikia vibaya. Mtoto akarudia, na wenzake wote watatu mezani wakaitikia kwa vichwa, kwa uhakika. Akaongeza maelezo kabisa: nyumba nyeupe, wanaume wanapita chini vichochoroni, wanawake wanatembea juu ya mapaa kutoka nyumba hadi nyumba bila kugusa ardhi, na jiko liko juu ya nyumba ili moshi usiwasumbue watu. Ukumbi ulicheka mpaka mtu mmoja akaanguka na kiti. Mtoto akaanza kulia, kwa sababu alikuwa amesema yote aliyofundishwa na hakukosea hata moja.

Mama Monitrice alipanda jukwaani, akamfuta kamasi kwa kanga yake, akamshusha. Hakucheka, hakuomba radhi. Pasta wetu alipomwita pembeni, alimjibu kwamba wale watu walitembea jangwani miaka mingi, nani alikuwepo wa kusema kwa hakika hawakupita pale? Jumapili iliyofuata Ekodim alipewa kijana mmoja mwenye gita. Wakampa Mama Monitrice shukrani mbele ya kanisa na kitenge kipya. Alikipokea kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona amekivaa.

Nadhani ndipo wazee walipoona wakati umefika. Kwetu, Mkongo au Mrundi, mtu akifa kuna matanga. Watu wanakaa chini, wanalala kwenye mikeka, wanaimba, wanakula pamoja, halafu siku inafika matanga yanavunjwa na maisha yanaendelea. Asiyeliliwa hapumziki, na waliobaki hawapumziki pia. Ndugu wa baba yake Fiston walikuwa wanapiga simu kutoka Uvira, kule Kongo, kwamba wanataka kumlilia kijana wao, lakini mama mzazi ndiye wa kufungua msiba, na mama mzazi hataki. Dada yake Fiston, aliyekuwa Kongo, alikuwa amekataa kuolewa mpaka jambo hili liishe. Kwa hiyo walikuja wazee wanne na Pasta, Jumamosi mchana, wakakaa kwenye vitanda kwa sababu viti havikutosha. Mimi nilikuwa jikoni napasha maji ya chai, na mlango ulikuwa wazi.

Pasta alizungumza vizuri. Sitaki kumsingizia, alikuwa mtu mwema. Alisema hakuna anayemwua Fiston kwa kumlilia. Alisema mama amebeba peke yake, kanisa linataka kubeba naye. Nilikubaliana naye kwa kila neno. Miaka hiyo nilikuwa nimeshawaambia watu kwenye saluni yangu ya kusuka kwamba mama wa watu anaoza akiwa hai, na dawa yake ni matanga. Nilitamani sana aseme ndiyo.

Mama Monitrice aliwamiminia chai wote, akaanza na mkubwa. Kisha akakaa.

"Pasta, kule Ghadames kila nyumba iko na chumba kidogo katikati, banakipamba. Bibi arusi anaingia mule siku ya ndoa. Halafu banakifunga. Siku bwana yake anakufa, banakifungua tena, anakaa mule analia, watu banakuja kumpa pole. Mara mbili tu maisha yote." Akapuliza chai yake. "Bale watu walifikiria kila kitu. Maji walifikiria. Moshi walifikiria. Lakini mama ambaye hajui, huyo hawakumutengenezea chumba. Kama nyinyi muko nacho, munionyeshe. Nitaingia leo."

Hakuna aliyekuwa nacho. Wazee walimaliza chai, wakaomba, wakaondoka wakishuka ngazi mmojammoja. Dada yake Fiston aliolewa mwaka uliofuata bila baraka ya msiba, na mama yake alicheza odio ya harusi mara moja tu akaifunga.

Mimi nami niliolewa. Nikahamia Glenwood kwa mume wangu, lakini saluni yangu ilibaki Umbilo Road, kati ya duka la simu na mahali pa kuuza kuku wa kukaanga. Tulikuwa tukionana na Mama Monitrice kila baada ya wiki chache, akipita na ndoo tupu kutoka Clairwood. Alikuwa ameanza kuvuta mguu mmoja. Alikuwa akiniambia hali ya hewa: leo Ghadames joto limezidi, leo kuna upepo wa vumbi. Kisha angeniuliza nina mimba au bado, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye duka la simu.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumanne, siku ya saluni kulala. Sikuwa na mteja. Aliingia akaweka ndoo chini, akakaa kwenye kiti cha wateja, si kwenye benchi alipozoea. Akafungua kilemba. Nywele zake zilikuwa nyeupe zaidi ya nilivyojua, laini, zimesukwa mistari minne ya kizee.

Akasema nimnyoe. Nikamuuliza nipunguze kiasi gani, maana mtu wa umri wake akipunguza sana anashikwa na baridi ya kichwa. Akasema zote.

Mtu wa kwetu hanyoi kichwa chote bila sababu, na sababu ni moja, msiba. Nikauliza kama kuna simu imekuja. Hapana. Kama kuna mtu ametoka kule na habari. Hapana, hakuna aliyekuja. Alikuwa anajitazama kwenye kioo changu, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri basi.

Ndipo jambo la ajabu likanitokea. Mimi niliyetaka matanga kuliko Pasta, nilianza kumtetea Fiston. Maneno yalinitoka yenyewe. Nilimwambia simu inaweza kupotea, watu wanafungwa miaka wanatoka, labda ameoa kule, labda anaona haya kupiga akiwa hana kitu. Nikamwambia jamani Mama, pale pana maji, si wewe uliyeniambia? Pana bustani, pana watu wa kutoa chakula, mtu hafi mahali kama pale.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Leo asubuhi nimeamka, nimepika mandazi," alisema. "Nimefika Clairwood, nimeuza yote, nimecheka na madereva. Nimerudi nimeosha ndoo. Njo nakumbuka sikumufikiria hata mara moja tangu nimeamka. Haijapata kutokea. Hata siku moja." Akashusha macho kwenye mikono yake. "Mi njo nilikuwa namupa maji, mwanangu. Kila siku namutafutia maji. Leo sikumupelekea."

Nilisema Mama, kusahau asubuhi moja si dhambi. Akasema anajua si dhambi. Amechoka tu.

Nilifungua mistari ile minne kwa vidole, polepole kuliko ilivyohitajika. Nikachukua mashine. Nikaanza nyuma, shingoni, asione kwanza. Yeye alifumba macho. Nywele zilianguka mabegani na kwenye mapaja, hakuzipangusa.

Nilipokuwa nimefika nusu, mlango ukafunguliwa, akaingia msichana Mkenya, mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa amepanga kuja kusukwa. Aliona kichwa kile, akaelewa, akasimama pale mlangoni. Alikuwa amelelewa vizuri. Akasogea akainama kidogo, akampa Mama Monitrice mkono.

"Pole sana, Mama. Mmefiwa na nani?"

Nilifungua mdomo nijibu mimi, nimwokoe na swali. Lakini Mama Monitrice alikuwa ameshafumbua macho.

"Mtoto wangu," akasema.

"Pole. Pole sana. Amefariki lini?"

Mama Monitrice aliendelea kuushika ule mkono wa msichana.

"Leo asubuhi," akasema.